Kuikomboa nyumba kabla ya muda wa mkopo

(Mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi na watumishi, katika ukumbi wa kata. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeombwa nizungumzie mikopo ya nyumba, na hasa jambo moja ambalo wengi hulisikia kijuujuu: kulipa zaidi ya rejesho la kila mwezi ili deni liishe mapema. Huenda mtu akauliza halmashauri inaingiaje katika mkataba wa mwananchi na benki yake. Inaingia kwa sababu ofisi ya ardhi ndiyo mlango mnaoupitia mnapotafuta hati ya kuweka rehani, na ni mlango huohuo mnaoubisha nyumba inapokaribia kupigwa mnada. Ingefaa tuonane kabla ya siku hiyo ya pili.

Mikopo hii bado ni michanga nchini mwetu. Sheria mahususi ya mikopo ya nyumba ilitungwa mwaka 2008, na kampuni ya TMRC, inayozipatia benki fedha za muda mrefu kwa kazi hiyo, ilianzishwa mwaka 2010. Wengi wa wazazi wetu walijenga chumba kimoja kimoja, mwaka hadi mwaka, pasipo deni la benki. Nyumba walituachia, maarifa ya kuliendesha deni la miaka 15 hawakuwa nayo ya kutuachia.

Tuchukue mfano. Mtumishi mwenye umri wa miaka 45 anakopa shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio la deni, kwa muda wa miaka 15. Rejesho lake la mwezi ni takribani shilingi 560,000. Katika rejesho la kwanza, shilingi 500,000 nzima ni riba. Zinazogusa deni lenyewe hazifiki 60,000.

Mambo hubadilika polepole mno. Akitimiza miaka mitano bila kukosa hata mwezi mmoja, atakuwa ametoa zaidi ya shilingi milioni 33 na nusu. Akiomba taarifa ya mkopo, ataambiwa kwamba bado anadaiwa karibu milioni 34.7. Hapo ndipo watu huhisi wamedhulumiwa, ilhali hesabu ni sahihi: riba hulipwa kwa kila shilingi ambayo bado hujairejesha, na katika miaka ya mwanzo shilingi hizo ni nyingi. Akiendelea hivyo hadi mwisho, atakuwa amelipa takribani milioni 100.8 kwa mkopo wa milioni 40.

Sasa mtu huyuhuyu aamue, tangu mwezi wa kwanza, kuongeza shilingi 50,000 kila mwezi. Fedha hiyo haigawanywi na riba, kwa kuwa riba ya mwezi imekwisha kulipwa na rejesho la kawaida. Yote huenda kwenye deni la msingi. Deni litaisha kwa miezi 138 badala ya 180, yaani miaka 11 na nusu. Kwa jumla, ziada aliyoitoa ni milioni 6.9, na riba anayoepuka inazidi milioni 16. Badala ya kumaliza deni siku anayotimiza miaka 60 ya kustaafu kwa lazima, analimaliza akiwa na miaka 56 na nusu, akiwa na mshahara wa miaka mitatu na nusu usiodaiwa na mtu. Kwa anayekaribia kustaafu, sijui zawadi iliyo kubwa kuliko hiyo.

Si wote hapa wanaopokea mshahara. Mkulima na mfanyabiashara hupata fedha kwa msimu, na mpango huu unawafaa hata wao, ila wakumbuke kwamba wakati ni mali. Katika mkopo uleule wa mfano, milioni moja ya ziada iliyolipwa mwishoni mwa mwaka wa kwanza hufuta marejesho zaidi ya 13 ya mwisho. Milioni hiyohiyo ikilipwa mwishoni mwa mwaka wa 12, haifuti hata matatu. Kwa hiyo mwenye kusema, “Nitaanza kuongeza watoto wakimaliza shule,” ajue kwamba kila mwaka anaosubiri unapunguza nguvu ya fedha yake.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja ya ziada, soma mkataba. Kwanza tazama namna riba inavyokokotolewa. Niliyoyaeleza yanahusu riba inayohesabiwa kwenye salio linalopungua. Ikiwa riba yako ilipigwa mara moja juu ya mkopo wote na kugawanywa kwa miezi, kulipa mapema huenda kusikuokolee chochote, isipokuwa benki ikubali kusamehe riba ya miezi iliyobaki. Kisha tafuta kifungu cha ada ya kulipa kabla ya muda. Ada ikiwapo, ilinganishe na riba utakayoiepuka. Mara nyingi riba ndiyo kubwa, lakini usikisie, piga hesabu.

La pili ndilo linalosahaulika zaidi. Ukipeleka fedha ya ziada bila maelezo, inaweza kuhesabiwa kuwa ni rejesho la mwezi ujao lililotangulia, au ikakaa tu kwenye akaunti. Andika barua. Sema wazi kwamba fedha hii ipunguze deni la msingi, na kwamba unataka muda wa mkopo ufupishwe, rejesho la mwezi libaki lilelile. Omba jedwali jipya la marejesho, nakala ya barua ipigwe muhuri, nawe uitunze. Mwezi unaofuata omba taarifa ya mkopo uone kama salio limeshuka kweli.

Lakini si kila mtu anayepaswa kukimbilia jambo hili. Mwenye ile mikopo ya mitaani tunayoiita kausha damu aimalize hiyo kwanza, maana riba yake huimeza ile ya benki mara nyingi. Mtumishi ambaye makato yamekwisha kumbakizia theluthi moja tu ya mshahara asijibane zaidi. Na asiye na akiba ya ugonjwa au msiba asimimine kila kitu kwenye deni, kwa kuwa benki ikishapokea ziada hairudishi kwa sababu umelazwa hospitali. Weka kando matumizi ya miezi mitatu hivi, ndipo uanze. Wapo watakaosema fedha hiyo ni afadhali iingizwe kwenye biashara. Sawa, kama biashara hiyo inakupa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka baada ya hasara na kodi, mwaka hadi mwaka. Zinazofanya hivyo kwa uhakika ni chache.

Niseme pia na wanandoa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi pale nyumba ya familia inapowekwa rehani. Ikiwa mwenzako alitia saini nyumba iingie hatarini, ana haki ya kuiona taarifa ya mkopo na kushiriki kupanga namna ya kuitoa humo. Nyumba nyingi huwa na ziada ya 50,000 isiyoonekana mpaka wawili wakae mezani na daftari.

Na deni likiisha, kazi haijaisha. Dai barua ya benki ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, dai hati yako halisi, na uhakikishe kuwa hati ya kuondoa rehani imesajiliwa kwa Msajili wa Hati. Rehani isiyofutwa katika daftari lake itawasumbua warithi wako siku watakapotaka kuhamisha umiliki, hata kama stakabadhi zote zimo kabatini. Maofisa wetu wa ardhi watakuelekeza hatua za usajili huo. Njoo na barua ya benki, hati, kitambulisho na stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi, ambayo huendelea kudaiwa hata benki ikiwa imekuachia.

Nakaribisha maswali. Waliokuja na mikataba yao wasogee mbele, tuanze na ukurasa wa riba.