Kampuni ya Maji Haina Ruhusa ya Kunyamaza
(Hotuba kwa mkutano wa wananchi, Kotile)



Mto Tana haufiki hapa Kotile ukiwa safi. Hupita kwanza mjini Garissa, na yanapokuja mafuriko, kama yale ya 1997, ya 2018 na ya Novemba 2023, maji huzoa vyoo, mizoga na taka. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 uliikumba Garissa pamoja na kambi za Dadaab. Hayo mnayajua kunishinda. Mimi nimekuja na swali moja: maji yakiisha kuharibika, mwenye kutugawia ana wajibu gani katika saa zile za kwanza?

Wengi hapa huyatuliza maji ya tope kwa shabu. Mitambo mikubwa ya maji nayo hutumia dawa ya aina hiyo hiyo, kwa kipimo. Tarehe 6 Julai 1988, karibu na mji wa Camelford, Uingereza, dereva aliyekuwa mgeni wa mahali alimimina tani 20 za dawa hiyo katika tangi lisilolo, na maji yakaenda moja kwa moja majumbani mwa watu wapatao 20,000. Hapakuwa na mlinzi wala fundi mtamboni. Watu walipolalamika kwamba maji yanawaunguza midomo, shirika la maji liliwajibu kuwa ni salama. Wengine wakashauriwa wayachanganye na maji ya machungwa yapate kunyweka. (Sisi tungeambiwa tuzidishe majani ya chai.) Ukweli ulitangazwa baada ya siku 16.

Kwa nini walinyamaza? Wakati ule serikali ilikuwa ikijiandaa kuyauza mashirika ya maji kwa wenye mitaji, na ikayauza 1989. Ofisa mmoja aliandika kwamba uchunguzi ungeweza kuwakimbiza wanunuzi. Mwaka 1991 shirika lile likatozwa faini ya pauni 10,000, pamoja na gharama za kesi. Serikali iliomba radhi 2013, miaka 25 baadaye.

Ndugu zangu, huo wa 1988 ndio mwaka wetu wa mlolongo, mstari mfupi ulipotangazwa kuwa mrefu mchana kweupe. Wenzetu wa Camelford hawakuwa na mlolongo. Walikuwa na vyama vingi, bunge kongwe na magazeti huru, na bado walifichwa. Kwa hiyo nasema wazi, hata kama baadhi ya wenzangu katika harakati hawatapenda: kura peke yake haisafishi maji. Mwananchi apaswa kuwa na haki ya kuuliza na kujibiwa kabla hajaugua, kwa kuwa kipindupindu chaweza kumwangusha mtu saa chache tu baada ya kunywa.

Haki hiyo tunayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yatupa maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 35 chatupa habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaeleza namna ya kuzipata. Ombi la kawaida hujibiwa katika siku 21. Lakini habari inayohusu uhai wa mtu sharti itolewe katika saa 48. Linganisheni na zile siku 16!

Ombi laandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na kulipeleka hakutozwi ada. Mama asiyejua kuandika asirudishwe mlangoni: sheria yamtaka ofisa ayaandike maneno yake, kisha ampe nakala. Mkinyimwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki katika Utawala, ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman.

Tena msiulize kwa jumla, "Je, maji ni salama?" Mtajibiwa "Ndiyo", kama wale wa Camelford. Ulizeni kipimo cha klorini kwenye bomba ni kiasi gani. Maabara imeona vijidudu vya kinyesi au haikuona. Sampuli ilichotwa wapi na siku gani. Na watu watatangaziwa vipi, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, misikitini, makanisani na redioni, siku kipimo kitakapokuwa kibaya.

Karatasi ziko mezani kwa katibu. Naomba barua ya kwanza iandikwe kabla hatujatawanyika, na kila atakayetia sahihi abaki na nakala yenye tarehe.