Mtoto Akiokota Vitoto vya Paka

Leo tutazungumza juu ya paka. Usizime redio, jambo lenyewe ni la watoto wako.

Mara nyingi watoto ndio huwaona kwanza. Wanacheza nyuma ya ghala la mahindi, wanasikia kilio chembamba. Kutazama, kumbe ni vitoto vinne vya paka juu ya gunia kuukuu, macho bado yamefungwa. Muda si muda kimoja kimo ndani ya sweta ya shule, na wewe unaitwa: "Mama, njoo uone!"

Mama, usifikiri haraka kwamba vimetupwa. Paka aliyezaa huviacha vitoto vyake kwa saa kadhaa akaenda kuwinda. Vitazame bila kuvigusa. Kama vimelala pamoja, vimetulia na matumbo yamejaa, basi mama yao yu karibu, na pengine anawatazama nyinyi wakati huo huo. Ondoeni miguu yenu hapo, kwa maana hatarudi akiona watu. Ukivibeba umevinyang'anya maziwa ambayo wewe huna. Maziwa ya ng'ombe huviharisha, na kitoto cha siku tatu kikiharisha hakikawii kufa.

Ikiwa mvua inavinyeshea au vipo njiani pa magari, mtu mzima avishike kwa kitambaa kizito na kuvisogeza mahali pakavu papo hapo karibu, ili mama yao avipate. Ikiwa saa nyingi zimepita, vinalia bila kunyamaza na miili imepoa, vipashe joto kwanza kwa chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. Usivilishe vikiwa baridi. Kisha mtafute daktari wa mifugo akueleze maziwa yanayofaa. Ujue kwamba hunyonya kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Wewe mwenye mtoto mchanga unajua maana ya hayo! Kama huwezi, si vibaya kumwachia mwenye nafasi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Mama paka akikuta mkono wa mtoto kwenye vitoto vyake, hataulizia. Atauma na kukwaruza. Na hapa jina la ugonjwa limetuponza. Tunauita kichaa cha mbwa, basi mtu akiumwa na paka anaona si kitu. Ni kweli kwamba wengi huambukizwa na mbwa. Lakini paka naye huumwa na mbwa mgonjwa, akaupata, na mate yake yakawa na virusi vile vile. Mara nyingi dalili hutokea baada ya miezi 2 au 3. Kidonda kimepona, nyumba nzima imesahau. Zikishaanza, mgonjwa akaogopa maji na kuweweseka, hatuna dawa ya kumponya. Chanjo huokoa ikiwahi kabla ya hapo.

Kwa hiyo mtoto akiumwa au akikwaruzwa, mwoshe pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, tazama saa. Kama huna mfereji, mtu mwingine amimine kwa jagi. Usipake pilipili, jivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kitundu tu, maana meno ya paka ni membamba na huingia ndani sana. Sindano za chanjo ni zaidi ya moja, na kila tarehe uliyoandikiwa ina maana yake. Kidonda kikitoa damu, uliza pia ile sindano inayochomwa kuzunguka kidonda, na ile ya pepopunda. Ukiambiwa chanjo imekwisha, usirudi nyumbani kungoja. Uliza ni hospitali gani inayo. Mama mjamzito au anayenyonyesha naye akiumwa huchanjwa bila wasiwasi.

Paka huyo msimuue. Kama mnaweza kumwona kwa mbali, mwangalieni kwa siku 10, na akifa au akitoweka mwambieni daktari. Lakini chanjo isingoje siku hizo 10.

Kuna kitu kingine kinachonisumbua. Mtoto aliyekatazwa kugusa paka, akiumwa, huficha. Anaogopa kiboko. Mwambie leo, kabla hajakutana na paka yeyote, kwamba akiumwa na mnyama hatachapwa akisema.

Na wewe mjamzito, mwachie mwingine kazi ya kuzoa kinyesi cha paka, kwani kinaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto tumboni. Ikibidi uzoe mwenyewe, vaa glavu na unawe kwa sabuni. Watoto pia wanawe, maana vitoto vya paka huambukiza choa, ile tunayoiita mashilingi.

Ukiamua kuvilea, vikifika miezi 3 vipeleke vikachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na uulize juu ya kumfunga uzazi mama yao.