Sahani Hairudi Tupu: Kifungashio cha Zawadi ya Idi

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha katika kumi la mwisho la mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake, masahaba zake, na kila anayefuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Mwisho. Amma baada.



Katika nyumba zetu hapa Uingereza matayarisho ya Idi yameanza. Kuna tende na halua za kupelekewa majirani, na kuna zawadi za watoto watakaohudhuria swala. Darsa ya leo inahusu kitu ambacho mkono hukipita upesi ukitafuta kilichomo ndani, nacho ni kifungashio. Huenda mtu akauliza: karatasi na kisanduku vina nini na dini? Jawabu ni kwamba kutoa zawadi ni ibada. Tende huliwa siku ile ile na thawabu yake ikabaki kwa Mola. Kifungashio nacho hubaki, lakini hubaki duniani, mikononi mwa mtu mwingine. Basi tujiulize tumemwachia nini mtu huyo.

Mtume (s.a.w.) alihimiza kupeana zawadi kwa kuwa huzaa mapenzi, kama alivyopokea Imam Bukhari katika Al-Adab Al-Mufrad. Na katika Sahihi yake tunafunzwa kuwa jirani asidharau kumpa jirani mwenziwe hata kitu kidogo mno kama ukwato wa mbuzi. Uzito umewekwa katika kukumbukana.

Wanazuoni wetu wametenganisha mambo mawili. Israfu ni kupindukia mpaka katika jambo la halali, na Suratul A'raf, aya ya 31, imeikataza papo hapo ilipotaja pambo, kula na kunywa. Tabdhiri ni kutoa mali pasipostahiki, na Suratul Israi, aya ya 26 na 27, imeikemea kwa ukali. Basi tende saba zikitiwa katika kisanduku cha kubeba thelathini, kisanduku kikavikwa nailoni, nailoni ikafungwa utepe wa plastiki na kunyunyiziwa vumbi la kumetameta, zawadi yenyewe ni halali, ila mpaka tumekwisha kuuvuka.

Wala hapana anayesema zawadi itolewe ovyo. Imam Muslim amepokea hadithi inayotufunza kuwa uzuri ni katika yanayopendwa na Mwenyezi Mungu, na hadithi hiyo hiyo inakemea kibri. Tupambe, ila pambo lisiwe mzigo kwa mwingine.

Na mzigo upo. Karatasi nyingi za kumeremeta zina utando wa plastiki au wa madini, na viwanda vya kurejeleza taka havizipokei. Kipimo chake ni chepesi: ifinye karatasi mkononi, kisha uiachie. Ikibaki imefinyangika, kwa kawaida ni karatasi. Ikikunjuka yenyewe, ina plastiki. Yenye vumbi la kumetameta haifai hata ikifinyangika. Sahani nyeusi za plastiki nazo zina taabu yake, kwani mashine nyingi za kuchambua taka hutambua plastiki kwa aina ya mwanga usioonekana kwa macho, na rangi nyeusi ya masizi huumeza mwanga huo. Kisichorejelezwa hapa huchomwa, hufukiwa, au hupelekwa nje. Uturuki ni miongoni mwa nchi zilizopokea taka nyingi za plastiki kutoka Uingereza. Kanuni ya fiqhi inayokataza kudhuru na kudhuriana haikuwekewa mpaka wa nchi.

Vipi basi tutengeneze kifungashio chetu? Nataja mambo manne.

Kwanza, kilingane na kilichomo. Pili, kiwe cha asili moja kadiri iwezekanavyo: karatasi isiyo na utando, ifungwe kwa uzi wa pamba au wa mkonge, pasi na gundi ya plastiki. Tatu, kiwe salama kwa chakula. Gazeti lisiguse halua wala sambusa kwa sababu ya wino wake. Itangulie karatasi safi ya chakula isiyopitisha mafuta. Nne, kiwe na kazi ya pili. Chupa ya kioo yenye mfuniko itatiwa bizari kesho. Kanga iliyokunjwa na kufungwa fundo kwa pembe zake ni kifungashio na ni zawadi, wala hapatupwi kitu.

Tahadharini pia na neno "inaoza" lililoandikwa juu ya bidhaa. Vikombe vingi vya plastiki inayotokana na wanga wa mahindi huhitaji kiwanda maalumu chenye joto la karibu nyuzi 60. Katika lundo la mbolea la bustani ya nyumbani hudumu muda mrefu.

Haya si mageni kwetu. Majahazi ya msimu wa kaskazi yalileta pwani yetu tende za Basra na Oman katika makanda yaliyosukwa kwa majani ya mtende, na halua ya Unguja ilitiwa katika vikapu vidogo vya ukili, ambavyo vikichakaa hurudi udongoni. Hata hivyo, kuagiza vikapu kwa ndege kwa ajili ya pambo la siku moja ni israfu kwa sura nyingine. Aliye navyo nyumbani avitumie. Na serikali nazo zimechukua hatua: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019, na hapa England, tangu 1 Oktoba 2023, haviuzwi tena vijiko na uma vya plastiki vya kutumia mara moja. Si vyema muumini angoje kusukumwa na sheria.

Lakini nataka mwondoke na jambo moja kubwa kuliko haya. Kwetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Bi mkubwa akiletewa mkate wa kumimina, sahani hurudi na maandazi, au japo embe mbili. Sahani ile ilikuwa kifungashio, na ilikuwa pia ahadi ya kuonana tena. Kisanduku cha kutupwa kimeikata ahadi hiyo. Tunabisha hodi, tunakabidhi, tunaondoka, na jirani hana sababu ya kutubishia. Katika miji hii wapo wazee wanaoishi peke yao ghorofani, Waislamu na wasio Waislamu, ambao hupitisha siku nyingi bila kugongewa mlango. Sahani inayorudi huufungua mlango mara mbili.

Basi Idi hii, kila nyumba ichague japo jirani mmoja imfikishie zawadi katika sahani, bakuli au kikapu, na imwambie kwa upole kwamba itapita kukichukua chombo wiki ijayo. Akitaka kukileta mwenyewe, akaribishwe ndani. Na fedha tulizokusudia kununulia nepa na tepe ziongezwe katika sadaka ya wenye haja.

Ewe Mola wetu, zipokee funga zetu na swala zetu, zitakase zawadi zetu na riya, tujaalie tuwe majirani wema, wala usitujaalie kuwa mzigo kwa waja wako wala kwa ardhi yako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.