Neema Iliyomo Katika Kitumbua



Nilipopewa heshima ya kusimama mbele yenu jioni hii nizungumze juu ya shukrani, rafiki yangu mmoja alinitahadharisha kwamba mada hiyo ni ya mimbari na si ya chuo kikuu, kwani watu wamekwisha kuisikia kila Ijumaa na kila Jumapili, na hapana mtu aliyepata kuikataa wala, kwa bahati mbaya, kuishika kwa muda mrefu baada ya kutoka mlangoni. Tahadhari yake naipokea kwa taadhima, ila naona imekosea mahali pamoja. Shukrani tumezoea kuihesabu katika adabu, pamoja na kuwaamkia wakubwa na kuvua viatu kizingitini, ilhali mahali pake pa kwanza ni katika elimu; na madhali ni elimu, chuo kikuu kina haki nayo sawasawa na msikiti na kanisa.

Wazo hili si langu. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitengea shukrani na subira kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din, na shukrani akaijenga juu ya mambo matatu: ilimu, hali na amali. Mja huijua kwanza neema na Mwenye kuneemesha. Kutokana na kujua huko moyo hupata hali yake ya furaha. Na furaha hiyo humsukuma kuitumia neema katika jambo ililokusudiwa. Sisi aghalabu huanzia katikati. Tunaamrishana kufurahi, “shukuru, bwana, shukuru,” kana kwamba moyo husikia amri, kisha tunastaajabu kuona umekaa kimya, ilhali hatukuupa kitu chochote cha kujua.

Wala Ghazali hakuiacha hoja yake ikielea hewani. Alichukua chakula, jambo la kila siku, akazifuatia neema zilizokitangulia mpaka kikafika kinywani: hisi za kukitambua, hamu ya kukitaka, mkono wa kukifikia, ardhi na maji na hewa ya kukiotesha, wafanyabiashara wa kukisafirisha, na mafundi wa kukitengeneza. Niruhusuni nifuate nyayo zake kwa chakula cha kwetu, nikichague kilicho kidogo kabisa.

Kitazameni kitumbua alfajiri, katika uchochoro wowote wa Mombasa, Tanga au Unguja. Mama aliyeketi mbele ya jiko la mkaa alikwisha kuroweka mchele wake tangu jana, akausaga, akautia tui, sukari, hamira na hiliki, akauacha uumuke. Sasa anadondosha mafuta katika kila kishimo cha kikaango, anachota kwa upawa mdogo, anamimina, anangoja. Kingo zinaanza kukauka na kupata rangi ya dhahabu, vijitundu vinafumbuka juu kimoja kimoja, na hapo mama anachomeka kijiti ubavuni, akakizungusha kitumbua mara moja tu, kikalala kifudifudi bila kumwaga hata tone. Akichelewa kimeungua, akifanya haraka kimepasuka, na saa ya kumwongoza hana. Mnunuzi aliyesimama mbele yake, ambaye huenda akawa ni mimi au mmoja wenu, anatazama simu yake na kuuliza kama kuna chenji.

Lau mnunuzi huyo angeuliza habari ya tui peke yake, asingeimaliza asubuhi ile. Mnazi mrefu wa pwani yetu hungojewa miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, kisha huendelea kuzaa miaka 60 na kupita, hata ikawa mara nyingi aliyeupanda amekwisha kuzikwa na watu wanakula tui lake pasipo kulijua jina lake. Toka ua mpaka nazi iliyokomaa ni karibu mwaka mzima, ikipita katika kidaka, kitale, dafu na koroma, na vidaka vilivyo vingi hupukutika njiani. Mkwezi huparaga kwa mikono na miguu, panga likiwa kiunoni, mpaka mahali ambapo upepo unakitikisa kilele chote pamoja naye. Kisha nazi hufuliwa kwa kifuo, huvunjwa, hukunwa juu ya mbuzi, hukamuliwa. Na bado hatujaizungumza hiliki, iliyoota chini ya kivuli cha miti mikubwa katika milima kama ile ya Usambara, wala mchele.

Sikusudii watu wasimame uchochoroni wakifanya hesabu hadi kitumbua kipoe. Kitumbua huliwa moto, na kukila moto ni sehemu ya kukishukuru. Nakusudia kwamba atakayeyajua haya hata mara moja hatahitaji kuhimizwa na mtu.

Lakini hapa pana hatari ambayo siwezi kuipita kimya. Neno “shukuru” hutamkwa mno na aliyeshiba kumwambia mwenye njaa. Tangu mwaka 1989 wanawake wa Paje na Jambiani, na baadaye wa vijiji vingine vya Unguja na Pemba, wamekuwa wakilima mwani wa kuuza: bamvua linapokuja, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali, nao huteremka kufunga vipande vya mwani katika kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Mwani wenye bei nzuri zaidi, cottonii, hauyastahimili maji ya kina kifupi yanapopata joto. Huugua, hukatika, huchukuliwa na mkondo. Na unaostahimili, spinosum, ndio wenye bei ndogo. Mwanamke anayelima mwani huo ameijua bahari, mwezi na pepo kwa kadiri ambayo wengi wetu humu hatutaifikia. Atakayemwendea na kumhubiria aridhike na kidogo anamfundisha aliyekwisha kuhitimu. Yeye asubuhi husema alhamdulillahi, na mchana hugombea bei ya kilo kwa sauti kubwa, wala mimi sioni mgongano wowote: shukrani humwelekea Aliyetoa, na bei humwelekea anayenunua.

Imebaki amali, na hapo ndipo mihadhara ya namna hii hupenda kunyamaza. Minazi katika pwani ya bara la Tanzania imeuawa kwa wingi na maradhi ambayo watafiti wa kituo cha kilimo cha Mikocheni wameshughulika nayo kwa miaka mingi. Mingine imezeeka, mingine imepasuliwa mbao, na wachache hupanda badala yake kwa kuwa miaka 6 yaonekana mirefu. Kwa hesabu ya Ghazali, basi, kila mla kitumbua anadaiwa mnazi. Chuo chetu kina ardhi iliyo wazi. Ninamwomba Makamu Mkuu wa Chuo, mbele ya mashahidi wote hawa, aiulize kamati ya viwanja kama inaweza kutafuta miche iliyopendekezwa na wataalamu kwa udongo wetu na kuipanda kwa nafasi ya mita 9 baina ya mche na mche, ijapokuwa wajumbe wa kamati hiyo, kwa umri niuonao, huenda wasiyanywe madafu yake. Mashimo yachimbwe kabla ya masika.