Mwarobaini Ndani ya Tanuru

Msikilizaji, zinki oksaidi unaifahamu hata kama jina lake hulijui. Imo kwenye losheni ya kalamini tunayowapaka watoto wenye tetekuwanga, na kwenye krimu nyingi za vipele vya nepi. Siku hizi watafiti wanaitengeneza kwa chembe ndogo mno, wakitumia majani: mwarobaini, mlonge, mshubiri.

Majani huoshwa, hukaushwa, huchemshwa na kuchujwa. Maji yake hutiwa chumvi ya zinki, yakakorogwa juu ya moto hadi mashapo yatuame. Viambato vya jani huikamata zinki na kuzizuia chembe zisishikamane, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na kemikali, nyingine zikiwa sumu. Mara nyingi mashapo hayo huingizwa kwenye tanuru la nyuzijoto 400 au zaidi, ukatoka unga mweupe wenye chembe zisizofika nanomita 100. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Chembe hizo huua bakteria kwa njia kadhaa, ikiwemo kuchana utando wao, na ndiyo maana zinatafutiwa nafasi kwenye bandeji za vidonda. Nafasi hiyo naitaka kwa moyo wote. Mwaka 2019, kwa makadirio yaliyochapishwa na jarida la The Lancet, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27, na Afrika Magharibi ndiyo iliyoumia zaidi kwa idadi ya watu wake.

Ila ninachokiogopa ni hiki. Mtu akisikia mwarobaini, moyo unatulia, kwa kuwa tumeoga maji yake tangu utotoni. Lakini kwenye tanuru lile jani limeungua karibu lote. Kilichobaki ni zinki oksaidi, na chembe inayoua bakteria, ikizidi kipimo, huua hata seli za mwili wetu. Tena majani ya masika si sawa na ya kiangazi, kwa hiyo chembe nazo hubadilika.

Tafiti nyingi zinaishia kwenye sahani ya maabara: bakteria wameoteshwa, unga umewekwa, duara lililobaki tupu limepimwa kwa milimita. Sahani haina ini wala figo. Vyuo vyetu vipewe fedha za kuvuka hapo, hadi kwa wanyama na hatimaye kwa wagonjwa. Na kwenye sahani hiyohiyo iwekwe pia zinki oksaidi isiyopitia jani lolote, tujue jani limeongeza nini.