Oili Inayoongezeka: Harufu ya Moshi na Hali ya Injini ya Dizeli



Chama kimoja cha msingi katika wilaya ya pamba kilikuwa na pikapu yenye injini ya dizeli. Gari hilo ndilo lililopeleka mizani, magunia na fedha katika vituo vya ununuzi, na ndilo lililowarudisha makarani usiku. Mwishoni mwa Juni, katibu alipofunga daftari la safari, aliona kwamba gari limetumia dizeli lita 30 zaidi ya mwezi uliotangulia, ilhali kilomita zilikuwa karibu zile zile. Halmashauri ilikutana, ikaamua kwamba dereva anauza dizeli njiani. Dereva aliandikiwa barua ya onyo, akasimamishwa kazi, na funguo akapewa mwingine.

Dereva alijitetea kwa maneno machache. Alisema kwamba kila asubuhi moshi wa gari unachoma macho, na kwamba oili ya injini haipungui bali inaongezeka. Wajumbe walicheka. Mmoja wao aliuliza ni ng'ombe gani anenepaye bila kula. Katibu naye aliliona jambo hilo kuwa faida, kwa kuwa gari lisilodai oili huhesabiwa kuwa gari zima.

Dereva wa pili alitumia dizeli kwa kiasi kile kile, naye angeshukiwa kama mwenzake laiti gari lingefika mwisho wa mwezi. Halikufika. Injini ilinoki njiani, ikiwa na mzigo wa magunia. Sampu ilipofunguliwa gereji, mahali palipostahili lita 6 za oili palitoka zaidi ya lita 8, nyepesi kama maji na zenye harufu ya dizeli. Beringi za krenki zilikuwa zimelika. Gari lilikaa juu ya mawe hadi msimu ulipokwisha, na chama kikakodi lori.

Kisa hicho chatosha kuonyesha kwa nini katibu asiyejua kushika spana anapaswa kujua habari za moshi na oili. Fundi huitwa gari likisha kuharibika, lakini katibu huliona kila asubuhi.

Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hata ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Sentigredi, kisha nozeli hupuliza dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe kwa joto hilo. Ndivyo ilivyokuwa katika injini ambayo Rudolf Diesel aliifikisha kwenye kazi huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na ndivyo ilivyo katika pikapu za leo. Kwa hiyo kila kitu hutegemea hewa ya kutosha, mbano mzuri, na ukungu mwembamba wa dizeli. Kimojawapo kikipungua, habari hutangulia kutoka katika bomba la moshi.

Mtu anayetaka kuunusa moshi asimame pembeni, mahali pa wazi, wala asipeleke pua kwenye bomba. Injini isiachwe ikinguruma ndani ya ghala lililofungwa. Mwezi wa Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuingiza moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kuwasababishia binadamu saratani. Harufu yapatikana vya kutosha hatua kadhaa mbali.

Harufu ya kwanza ndiyo aliyoitaja yule dereva: kali, ya kuchoma macho na koo, pamoja na moshi mweupe au wa kijivu. Hiyo ni dizeli iliyotoka bila kuungua. Ikionekana kwa dakika moja au mbili asubuhi ya baridi, kisha ikatoweka, si ajabu. Pengine ni plagi za kupashia joto zilizochoka. Lakini ikiendelea injini ikiwa imekwisha kupata moto, na mngurumo ukawa wa kuchechemea, nozeli mojawapo huenda haipulizi ukungu tena bali inadondosha matone. Matone hayaungui yote. Sehemu hutoka kwa njia ya bomba, na sehemu huteremka ukutani mwa silinda, ikiosha oili iliyopo hapo, ikipita kwenye ringi za pistoni na kuingia katika sampu. Hapo ndipo zilipokwenda zile lita 30. Mbili na ushei zilikuwa ndani ya sampu. Nyingine zilikuwa zimepeperuka angani mbele ya macho ya watu wote.

Dizeli ina njia nyingine za kuingia katika oili. Katika injini zenye pampu ndogo ya kuvuta dizeli iliyofungwa ubavuni mwa injini, ngozi ya pampu hiyo ikipasuka, dizeli huteremka moja kwa moja. Vivyo hivyo sili ya shafti ya pampu kubwa, pale pampu inapozungushwa kwa giya zilizomo ndani ya injini. Tofauti ni hii: dizeli ikipita kwenye pampu, oili huongezeka ilhali moshi ni wa kawaida, ikipita kwenye nozeli, moshi hubadilika pia. Katibu akimweleza fundi jambo hilo moja tu, amekwisha kumpunguzia kazi ya siku nzima, na kukipunguzia chama malipo yake.

Pikapu za miaka ya karibuni zina njia ya tatu, nayo huwashangaza wengi kwa sababu hakuna kilichovunjika. Nyingi zimewekewa chujio la masizi katika bomba la moshi. Chujio likijaa, injini hupuliza dizeli ya ziada ili joto lipande na masizi yaungue. Kazi hiyo yataka mwendo mrefu usiokatizwa. Gari linalokwenda kilomita tatu hadi kituoni, likazimwa, likarudi kilomita tatu, hukatiza kazi hiyo kila mara, na dizeli ya ziada huteremka katika oili. Gari la namna hiyo lipewe safari ya barabara kuu mara kwa mara, na oili yake iwe ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari, si yoyote iliyoko dukani.

Oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi, na oili nyepesi haiwezi kutenganisha chuma na chuma. Beringi ndizo zinazokwenda kwanza. Lakini kuna hatari iliyo kubwa kuliko hasara ya fedha. Oili ikizidi mno, injini yaweza kuivuta kwa njia yake ya hewa na kuanza kuiunguza badala ya dizeli. Injini hupanda mbio yenyewe, na kuzima kwa ufunguo hakusaidii, kwa kuwa ufunguo hukata dizeli tu. Dereva aliyemo ndani ya gari lenye giya za mkono aweza kukanyaga breki kwa nguvu zote, akatia giya kubwa na kuachia klachi ili injini izimike. Ikishindikana, njia ya hewa izibwe kwa ubao au kitu kipana kigumu, kamwe si kwa mkono, na watu wengine wote wakae mbali.

Harufu ya pili ni ya oili inayoungua, kama kikaango kilichosahauliwa jikoni, na moshi wake una rangi ya buluu. Hapa oili hupungua. Ukionekana hasa wakati wa kuwasha gari lililolala, sili za valvu zimekauka. Ukiendelea safari nzima, na zaidi gari linapobeba mzigo, ringi au silinda zimelika. Magari yenye tabochaji huweza kuvuta oili kwa sili za chombo hicho pia. Hilo ni gonjwa la polepole, na chama kina muda wa kutafuta fedha.

Moshi mweusi wenye harufu ya masizi ni dizeli nyingi kwa hewa chache. Aghalabu ni chujio la hewa lililojaa vumbi la njia zetu za vijijini. Lisafishwe au libadilishwe kwanza, kabla ya mtu yeyote kugusa pampu.

Harufu tamutamu, yenye mvuke mweupe, ni dawa ya kupoza injini inayoingia katika silinda, mara nyingi kwa gasketi ya hedi iliyoungua. Ole wake katibu anayeitegemea pua peke yake hapa, kwani magari mengi hujazwa maji matupu, na maji hayana harufu. Basi na aangalie maji ya rejeta, injini ikiwa baridi, kama yanapungua bila kuvuja chini. Aangalie pia oili: maji yakiingia, huwa na rangi ya chai ya maziwa. Utando mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake, katika nchi za baridi na safari fupi, huweza kuwa umande tu.

Harufu ya yai bovu zamani ilihusu salfa iliyokuwamo kwa wingi katika dizeli. Januari 2015 kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilishushwa hadi salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, kwa hiyo leo harufu hiyo ikisikika ni vema betri iangaliwe kwanza, kama inachajiwa kupita kiasi. Kuhusu dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, Tanzania ilianza kutia alama katika mafuta mwaka 2010 ili udanganyifu ugundulike. Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli, na pampu nyingi hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Dizeli ya bei ya ajabu kwenye pipa la jirani, basi, si rahisi.

Sasa kuhusu kupima. Gari lisimame mahali tambarare, asubuhi kabla ya kuwashwa. Kijiti cha oili kivutwe, kifutwe, kirudishwe, kivutwe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Weusi wake usimtishe mtu, kwani oili ya dizeli hugeuka nyeusi mapema kwa kubeba masizi, na kuyabeba ndiyo kazi yake. Linaloangaliwa ni kimo, wepesi na harufu. Tone moja liwekwe juu ya karatasi ya kunyonya wino au karatasi nyingine isiyong'aa, na kuachwa saa kadhaa. Oili yenye dizeli hutandaza mzingo mpana, wa rangi hafifu, nje ya doa jeusi. Jaribio hilo halitoshi kumhukumu mtu, lakini latosha kulipeleka gari kwa fundi.

Fundi wa injini za zamani hulegeza nati ya bomba la kila nozeli kwa zamu, injini ikinguruma, ili aone ni silinda ipi isiyobadili sauti. Katika injini za kisasa jambo hilo ni marufuku. Mgandamizo wa dizeli humo hupita mara elfu moja ule wa hewa ya kawaida, nao hutoboa ngozi ya mtu kama sindano. Nozeli za injini za namna zote zaweza kufunguliwa na kupimwa juu ya mashine ya majaribio, na chama kidai kuonyeshwa karatasi ya majibu kabla ya kulipa.

Daftari la safari la vyama vingi lina safu za tarehe, kilomita, lita na sahihi. Ziongezwe safu mbili: kimo cha oili, na hali ya moshi asubuhi. Dereva ajaze, katibu ahakikishe walau mara moja kwa juma, na kila oili iliyoongezwa iandikwe kwa lita. Daftari la chama kile lingekuwa na safu hizo, halmashauri ingaliona mnamo wiki ya pili ya Juni kwamba oili inapanda bila mtu kuitia.

Dereva wa kwanza alirudishwa kazini mwezi wa Oktoba, gari lilipotoka gereji. Halmashauri ilimwandikia barua ya kumwomba radhi, nayo ikawekwa katika faili lake, juu ya barua ya onyo. Dereva aliomba barua ya kwanza isiondolewe, ili atakayefungua faili hilo baadaye azisome zote mbili.