Tumpeleke Mbwa Uwanjani, Lakini Tumpeleke Vizuri

Mazungumzo na viongozi wa vijiji, vikundi vya akina mama na wazazi wa shule za msingi, Machakos

Nimeombwa nizungumze juu ya siku ya chanjo ya mbwa, na tangazo liliposomwa niliona wengine wakicheka. Sishangai. Kwetu ng'ombe hupelekwa dipu, mbuzi hupelekwa mnadani, lakini mbwa kuitiwa mkutano ni jambo la kuchekesha. Hata hivyo tukimaliza leo nataka kila mmoja wetu awe anajua kwa nini mkutano huo wa mbwa unahusu maisha ya watoto wetu.

Katika miji ya Marekani na Ulaya kuna viwanja vilivyozungushiwa ua, ambamo watu hupeleka mbwa wao wakimbie na kucheza na wenzao. Hapo Nairobi wenye mbwa huenda kutembea nao katika msitu wa Karura, na sharti mbwa awe na kamba. Sisi hatuna viwanja kama hivyo, wala mbwa wetu hakosi mahali pa kukimbia. Lakini daktari wa mifugo anapopanga siku ya chanjo, mbwa wote wa kata hukusanywa mahali pamoja: uwanja wa shule, penye dipu, au chini ya mti mkubwa karibu na soko. Huo ndio uwanja wetu wa mbwa. Una raha zake, na una hatari zake.

Raha yake

Nianze na raha, kwa sababu watu wengi wakisikia chanjo wanafikiria sindano tu. Mmewaona watoto siku hiyo? Wanaamka mapema kuliko siku ya mtihani. Huyu anavuta Simba, yule anabeba kitoto cha mbwa ndani ya sweta, wengine wawili wamekamata kamba moja na mbwa ndiye anayewavuta wao. Wanashindana nani ana mbwa mkubwa, nani ana mbwa mwerevu. Mzee ambaye hajawahi kumsifu mbwa wake hadharani anasimama hapo na kueleza jinsi alivyofukuza wezi wa mbuzi usiku. Majirani ambao hawajaonana tangu mavuno wanapata nafasi ya kuzungumza. Na mwenye mbwa anarudi nyumbani na cheti mkononi, moyo umetulia.

Hiyo si raha ndogo. Mbwa kwetu ni mlinzi wa boma na mchungaji pamoja na watoto, lakini mara nyingi hana anayemwangalia. Anakula mabaki, analala nje, na akiugua anaachwa apone mwenyewe. Siku ya chanjo ni siku moja katika mwaka ambayo mtu anatoka nyumbani kwa ajili ya mbwa wake. Mtoto aliyempeleka mbwa kuchanjwa huanza kumhesabu kuwa ni mali ya kutunzwa.

Hatari yake

Sasa tuseme ukweli. Mbwa mia moja wasiojuana, walioletwa mahali pamoja kwa kamba za mkonge zilizochakaa, ni jambo la hatari. Mbwa wawili wakikaribiana wanapigana. Kamba inakatika. Mtoto anajaribu kuwatenganisha kwa mikono, naye anaumwa. Akiletwa mbwa jike aliye kwenye joto, madume yote yanavuruga foleni. Mbwa mwingine anaogopa kelele, anavua kamba na kukimbilia vichakani, na hapo mwenyewe anakwenda zake bila chanjo. Halafu kuna ugomvi wa watu wenyewe: "Mbwa wako amemuuma wangu, utalipa nini?" Nimeona majirani wakinyamaziana kwa sababu ya jambo hilo.

Ubaya mkubwa ni kwamba mtu aliyepata shida uwanjani mwaka huu, mwaka ujao haji. Anasema, "Yale mambo ya mbwa yalinitosha." Hivyo siku moja iliyopangwa vibaya inatunyima mbwa wengi kwa miaka inayofuata.

Kwa nini tusiache tu?

Mtu anaweza kuuliza: kama kuna hatari hivyo, si afadhali kila mbwa abaki kwao? Jibu ni kichaa cha mbwa. Nchini Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi. Kwetu Machakos umekaa kwa miaka mingi. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, ni kama hakuna tiba. Karibu wote wanakufa. Karibu kila anayekufa kwa ugonjwa huu ameambukizwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka ulimwenguni, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15.

Miaka ya 1992 na 1993 watafiti walifanya kazi katika vijiji vya wilaya yetu, kama ilivyoitwa wakati huo. Walikuta zaidi ya nusu ya boma zina mbwa. Mbwa wengi hawakufungwa wakati wowote, na waliochanjwa hawakufika hata thuluthi moja. Tena karibu nusu ya mbwa wote walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja. Tafadhali shikeni hilo la mwisho. Mbwa wetu hawaishi sana. Wanakufa, na wengine wanazaliwa. Ukichanja mwaka huu ukanyamaza miaka mitatu, unaporudi unakuta kundi jipya lisilo na chanjo.

Ndiyo maana kuua mbwa kwa risasi na sumu, jambo ambalo wengi wetu tumeliona, hakujamaliza ugonjwa. Nafasi ya waliouawa hujazwa na watoto wa mbwa wasiochanjwa. Kinachofaa ni kuchanja saba kati ya kila kumi, kila mwaka bila kukosa. Wakifika saba, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba, kwa wenzetu wa Tanzania, walifanya hivyo mpaka kichaa kikaisha. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, na mwaka 2018 kikakomeshwa mara ya pili. Serikali yetu nayo ilitoa mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, na Machakos iliwekwa miongoni mwa kaunti tano za kuanzia, pamoja na Makueni, Kitui, Kisumu na Siaya.

Nitawaeleza jambo moja nililolikuta katika kazi yangu. Nilikwenda kwenye matanga ya mvulana wa darasa la tatu. Aliumwa mkononi na mbwa wa jirani, kidonda kidogo tu. Kilioshwa kwa maji kidogo, kikapakwa dawa ya majani, kikapona. Karibu miezi miwili baadaye mtoto akaanza kulalamika mkono unawasha, kisha akashindwa kunywa maji. Hakumaliza wiki. Nilizungumza na mwenye mbwa, naye alikuwa ameketi nyuma ya watu wote. Chanjo ilikuwa imetangazwa kijijini kwao, na uwanja haukuwa mbali. Asubuhi ile alijaribu kumfunga mbwa kamba. Mbwa akalala chini, akaiuma kamba, akamkwaruza mkono. Akamwacha, akaenda shambani. Yule baba hakuwa mtu mbaya, wala hakukataa chanjo. Alishindwa na kamba.

Wapendwa, mara nyingi ninapouliza watu kwa nini hawakuja, nasikia hayo hayo. Mmoja anasema tangazo lilimfikia kwa kuchelewa. Mwingine anasema ni mbali. Mwingine ameambiwa mbwa akichanjwa anakuwa mvivu wa kulinda, jambo ambalo si kweli. Lakini wengi wanasema: "Huyo hashikiki." Mbwa asiyeshikika ndiye asiyechanjwa, na ndiye huyo huyo atakayemuuma mtoto. Kwa hiyo kazi ya siku ya chanjo inaanza nyumbani, wiki nyingi kabla ya daktari kuja.

Kazi ya nyumbani

Samaki mkunje angali mbichi. Kitoto cha mbwa kikianza kula vizuri, kivalishe ukanda wa kitambaa shingoni, usibane. Vidole viwili viweze kupita. Baada ya siku chache funga kamba fupi, uache aivute huku ukimwangalia. Kisha mtembeze mpaka kwenye lango na kurudi, umpe kipande cha ugali. Usimpige. Akijifunza kwamba kamba inaleta kipigo, hutamshika tena. Mbwa mzima naye anajifunza, ila anataka siku nyingi zaidi na subira.

Halafu mzoeze kuguswa na mtu wa nyumbani, masikioni, mgongoni, miguuni. Mbwa anayeguswa kila siku hatashtuka sana daktari akimshika.

Msiache watoto wa mbwa nyumbani eti ni wadogo. Hao nao huchanjwa, na daktari atawaambia ni lini warudishwe. Mbwa mwenye mimba pia huchanjwa.

Kazi ya uwanjani

Hapa nazungumza nanyi viongozi. Mkishirikiana na daktari wa mifugo, chagueni siku watu wanapokuwa na nafasi. Mvua za Oktoba zikishanyesha, kila mtu yuko shambani anapanda, hamtamwona. Mwezi wa Septemba unafaa, na tarehe 28 Septemba ni siku ya ulimwengu ya kichaa cha mbwa. Tangazeni kanisani, msikitini, shuleni na barazani, zaidi ya mara moja. Anzeni asubuhi kabla ya jua kuwa kali, kwa sababu joto linawaudhi mbwa na watu pia.

Uwanja uwe na njia ya kuingilia na nyingine ya kutokea, ili aliyechanjwa asirudi kupita katikati ya foleni. Kati ya mbwa na mbwa ziwe hatua tano au zaidi. Wekeni wazee wawili wa kusimamia foleni, watu huwasikiliza. Wekeni kamba za akiba. Mbwa mkali afungwe mdomo kwa kitambaa na mwenye kumzoea, na asimame pembeni. Mbwa jike aliye kwenye joto asiletwe katikati ya wengine. Mwenyewe amwarifu daktari, aje mwisho, wengine wakishaondoka.

Na watoto? Siwezi kusema wasije, maana raha yote ni yao, na bila wao mbwa wengi wasingefika. Lakini kila mbwa mkubwa ashikwe na mtu mzima au kijana mwenye nguvu. Mtoto mdogo abebe kitoto cha mbwa, au ashike cheti. Waambieni wasikimbie, wasipige kelele, wasimtazame mbwa mgeni machoni, na mbwa wakipigana wasiingie katikati. Watu wazima nao wasitie mikono. Wamwagie maji, au kila mmoja avute kamba ya wake.

Mtu akiumwa

Hata tukipanga vizuri, anaweza kuumwa mtu. Kwa hiyo wekeni mtungi wa maji na sabuni hapo hapo uwanjani. Kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 nzima. Mtu mmoja atazame saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyofikiri. Msipake majani, mafuta ya taa wala jivu. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu. Akianzishiwa sindano azimalize zote kwa siku alizoandikiwa, maana si moja.

Msiseme, "Si mbwa amechanjwa leo?" Chanjo ya leo haijaanza kumkinga mbwa; inataka muda wa wiki kadhaa. Msimuue mbwa huyo kwa hasira pia. Afungwe, aangaliwe siku 10. Akiugua, akibadilika tabia au akifa, daktari wa mifugo na hospitali waarifiwe mara moja.

Najua safari za hospitali ni gharama. Nauli, siku za kazi zilizopotea, na pengine dawa haiko kituo cha karibu. Kamba ya mkonge unaisokota mwenyewe jioni ukizungumza na watoto.

Basi ombi langu ni dogo. Kabla ya mwisho wa mwezi, kila boma lenye mbwa liwe na kamba nzuri, na mbwa awe ametembezwa nayo mpaka barabarani na kurudi. Nyinyi viongozi pitieni boma zenu kumi kumi, muulize: mbwa ni wangapi, watoto wa mbwa ni wangapi, yupi hashikiki? Mwandike. Huyo asiyeshikika msimwache. Mjadiliane na mwenyewe, na mumwombe daktari apange kumfikia pale nyumbani. Tutakapokutana tena mniletee orodha hiyo, tumkabidhi daktari wa mifugo kabla hajapanga siku.

Sasa tupokee maswali.